Spika za Kompyuta ya Eedo

Wanaume wa ukoo wetu wakitaka kupima spika huweka wimbo ambao wote wanaujua. Hufunga macho, hutikisa vichwa, halafu hutangaza kwamba hiyo ndiyo spika. Sijui kipimo kingine cha kipuuzi kama hicho. Wimbo ukishaujua, sikio halina kazi tena. Kumbukumbu ndiyo inayoimba, na hata ukipigiwa ndani ya debe la mafuta ya kupikia utasikia kila neno. Ni sawa na kumpima mtoto kusoma kwa kumpa hadithi aliyoikariri. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini, na watoto wa namna hiyo nimewaona wengi: kidole kinapita juu ya maneno, macho yako dirishani.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana sebule ya shangazi yangu, kule Kiwanjani, Isiolo, iligeuzwa uwanja wa kushindanisha spika za kompyuta za bei mbaya, na nilikaa pale kushuhudia ujinga ambao sikujua kwamba ukoo wetu unaweza kuumudu.

Shangazi huyu ni dada mkubwa wa baba yangu. Sisi sote tunamwita Eedo, kama Wasomali tunavyomwita dada wa baba, na majirani Wameru nao wamelishika neno hilo wakidhani ndilo jina lake. Anaishi na binti yake pamoja na mume wa binti huyo, ambaye mimi namwita shemeji. Mwanawe wa pekee wa kiume yuko Kanada. Alikwenda kijana, akaoa huko, akapata watoto, na kila Jumapili baada ya Alasiri hupiga simu ya video. Macho na masikio ya mama yake yalipoanza kupungua, alimnunulia kompyuta yenye kioo kipana ili uso wake uonekane mkubwa. Uso ulionekana. Maneno hayakusikika, kwa maana spika za kompyuta ile zimefichwa nyuma ya kioo, na kazi yake kubwa ni kuzungumza na ukuta.

Hapo ndipo shemeji alipochukua kiti. Shemeji ana malori yanayokwenda Merti. Ni mtu wa kusimamia mizigo, akaanza kusimamia maneno. Yeye alikaa mbele ya kompyuta. Eedo alikaa pale anapokaa siku zote, kwenye kochi la pembeni linalotazama mlango, kwa kuwa mwenye nyumba lazima amwone anayeingia. Binamu yangu, kule Kanada, angeongea kwa muda mrefu, mikono ikicheza, mara acheke, mara akunje uso kama mtu anayeuliza jambo. Shemeji angesikiliza huku akiitikia kwa kichwa, halafu angemgeukia mama mkwe wake na kupaza sauti: "Anakusalimia. Yuko sawa."

Eedo angejibu kwa dua ndefu, ya kumtaja mtoto, na mke, na watoto wao, na barabara wanazopita. Shemeji angeipeleka Kanada ikiwa imenyolewa: "Mama anasema amina."

Nimekaa katika simu hizo. Sijawahi kuona mtu akimwaga mali ya mwenzake kwa utulivu kama ule. Na hakuwa na nia mbaya, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliamini kabisa kwamba maneno ya mtu yakizidi ni kelele, na kwamba kazi ya mwanamume ni kufikisha kiini.

Utauliza, kwa nini asipewe kile kifaa cha kuwekwa sikioni? Alipewa. Kilikuwa kikipiga mluzi kila shungi lake lilipokigusa, na shungi halivuliwi sebuleni mwenye wageni, basi kikaishia kwenye droo. Vile vya kuvaa kichwani kama wanavyovaa vijana alivikataa papo hapo. Alisema yeye si rubani. Siku moja simu ilipokatika, na shemeji alipokuwa bado anatuambia kwamba yuko sawa, Eedo aliuvuta mkono wangu akasema kwa sauti ya chini, "Nataka nimsikie mwanangu mwenyewe. Nimechoka kuambiwa habari zake. Kama haiwezekani, Jumapili nitakuwa naenda kulala."

Nilijua hatanii. Tayari alikuwa ameanza kuinuka kabla simu haijaisha, akisingizia jikoni.

Nikakosea kuwaambia wanaume. Niliwaambia shemeji na kaka yangu kwamba Eedo anahitaji spika nzuri, na neno hilo moja likatosha kuwaondolea wote wawili akili. Hakuna aliyeuliza anahitaji kusikia nini. Kila mmoja alikwenda zake kutafuta spika ambayo mwenzake ataionea wivu.

Ya shemeji ilitangulia. Ilifika kutoka Nairobi ndani ya lori lake, ikiwa imefungiwa kwenye tenga bovu la mbao utadhani ni dirisha la msikiti. Spika ndogo tano na wufa moja, ile spika ya mngurumo wa besi, kubwa kama tangi la maji la jikoni, yenye taa zinazobadilika rangi: nyekundu, buluu, kijani, halafu nyekundu tena. Kwenye boksi palikuwa na idadi ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Shemeji alituonyesha idadi hiyo kwa kidole, mmoja mmoja, hata Eedo.

Acha nikueleze jambo hili la wati, maana linawadanganya watu wazima wenye familia. Wati ni nguvu ambayo chombo kinaweza kuila. Haisemi sauti itakuwa safi, kama vile ukubwa wa sufuria usivyosema pilau itakuwa tamu. Tena wenye viwanda wana njia zao za kuhesabu: wengine huandika nguvu ya mpigo mmoja wa ghafla, ambao ukiendelea kidogo tu chombo kitaungua. Mtu akikuonyesha wati kabla hajakuwekea sauti, mrudishie boksi lake kwa heshima.

Kaka yangu ni mfanyakazi wa serikali ya kaunti na anapenda kusoma. Yeye alileta jozi moja, spika mbili nzito za kukaa mezani, zenye miili ya mbao iliyong'arishwa, bila taa hata moja. Angeishia hapo ningemsifu. Lakini alikuwa amekesha na maoni ya watu wa intaneti, na akaja nayo. Alituambia kwamba spika zake zina sauti yenye joto, na jukwaa pana, na besi inayopumua. Shemeji alimuuliza besi inapumulia wapi, kaka akamjibu kwamba hayo si mambo ya watu wa malori. Walikuwa watu wazima wenye mvi. Nilikwenda kuchemsha chai.

Niliporudi, vyombo vilikuwa vimeshapangwa, na hapa naomba uone kwa macho yako, kwa sababu kosa walilofanya nadhani linawezekana Isiolo na sehemu chache nyingine tu. Mji wetu una vumbi. Upepo ukianza mchana huingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Kwa hiyo kila kitu cha thamani katika nyumba zetu huvalishwa: televisheni ina kitambaa chake cha kufuma, redio ina chake, jagi la maji lina chake chenye shanga pembeni. Na kitu kikiwa kipya kabisa hakivuliwi nailoni ya dukani, ili mgeni aone kwamba ni kipya, na ili nailoni ipokee vumbi kwanza. Spika za kaka zilikuwa zimesimama ndani ya nailoni. Zile ndogo za shemeji zilikuwa zimevalishwa vitambaa vya kufuma ambavyo mke wake alivianza siku lori lilipoondoka Nairobi. Na zote, za huyu na za huyu, zilikuwa zimepandishwa juu ya kabati la ukutani, karibu na dari, wajukuu wasije wakazitoboa kwa vidole. Wufa peke yake ilikuwa chini, pembeni mwa kochi la Eedo, kama mbwa.

Kwa hiyo wanaume wawili walikuwa wameleta spika ambazo watu huandika kurasa nzima kuzilinganisha, wakazivika nguo, wakazielekeza darini, wakaanza kuzilinganisha.

Aliyetangulia ni shemeji. Aliweka wimbo unaojulikana na wote. Wufa ilinguruma, vikombe vya chai vikatetemeka katika visahani, taa zikacheza. Wageni waliokuwepo, maana walishaanza kujaa, walisema mashallah. Kaka akaweka wimbo uleule kwenye zake. Shemeji akasema hazina nguvu. Kaka akapandisha sauti. Shemeji akapandisha yake zaidi. Na hivyo ndivyo walivyoendelea mpaka Alasiri, yule mwenye sauti ya juu akishinda kila mara, wakipokezana ushindi.

Hili nalo ni rahisi, na ukilijua hutadanganyika dukani tena. Sikio la mwanadamu hupenda kilicho juu. Ukichukua spika moja, ukaipiga chini kidogo, kisha ukaipiga juu kidogo, mtu atakuapia kwamba ya pili ni bora, ilhali ni ileile. Ukitaka kulinganisha spika mbili, kwanza zilete kwenye sauti iliyo sawa. Wauzaji wanalijua jambo hili vizuri sana. Ile wanayotaka kuiuza huwa imepandishwa kabla hujaingia. Shemeji na kaka walijifanyia wenyewe bure kile ambacho muuzaji angewafanyia.

Eedo alikuwa ameshika mkono kifuani. Nilimwendea nikamuuliza anasikiaje. Alisema anaisikia kwenye mbavu.

Naye alikuwa na haki. Besi husikika kwenye mbavu, lakini maneno hayakai huko. Tamka polepole: paka, taka, saka. Irabu ni zilezile. Kinachotenganisha mnyama na uchafu ni kishindo kidogo cha midomo au ulimi, sauti nyembamba inayopita haraka, na hizo nyembamba ndizo mzee anazopoteza mwanzo. Hajapoteza sauti yako; anajua kwamba unaongea, anajua kama umekasirika. Anapoteza kingo za maneno. Sasa mtu huyo ukimwongezea mngurumo, umemfunika zile kingo chache zilizobaki. Na kitambaa cha kufuma, na nailoni, hunyonya nini kabla ya vingine vyote? Hizohizo nyembamba. Wanaume hawa walikuwa wamejenga, kwa gharama kubwa, mtambo wa kumfanya Eedo asimsikie mwanawe.

Niliwaambia hivyo, kwa maneno ya upole zaidi. Kaka alisema sijasoma maoni ya wataalamu. Shemeji alisema, "Mwalimu, hii si mambo ya chaki."

Basi nikatumia chaki. Darasani nikitaka kujua nani anasikia, huwa natoa imla, na sharti la imla ni sentensi ambayo mtoto hawezi kuibahatisha. Ukisema "jua linachomoza asubuhi" hujapima chochote. Nilitoka nje na simu yangu nikarekodi sentensi zisizo na adabu: mbuzi wa chifu amekula sabuni, fundi ameshona suruali ya punda, pilipili imeingia kwenye viatu vya harusi. Nikarudi, nikaziingiza kwenye kompyuta, nikamwomba Eedo arudie kila atakachosikia. Alifurahi sana. Tangu masikio yapungue hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu ambacho jibu lake halikujulikana.

Kwa mtambo wa shemeji, taa zikiwaka, alisikiliza sentensi ya kwanza hadi mwisho akasema kwamba kuna mtu anaongea ndani ya tangi. Kwa spika za kaka alipata mbuzi peke yake. Wageni waliguna kwa huruma. Shemeji alisema mama amechoka, na kaka, kwa mara ya kwanza siku ile, alikubaliana naye. Wanaume wawili waliokuwa hawawezi kupatana juu ya kitu chochote walipatana mara moja kwamba kosa ni la masikio ya mwanamke mzee.

Nikapanda kwenye kiti. Nilizishusha spika zote kutoka kabatini, nikavua vitambaa, na nikazichana nailoni zile kwa kucha. Kaka alitoa sauti kama ya mtu anayeona kuku wake akichinjwa na jirani. Nikaziweka mezani mbilimbili kwa zamu, moja kila upande wa kioo, kwenye kimo cha sikio la mtu aliyekaa, zikimtazama msikilizaji. Wufa nikaizima mngurumo wake wote kwa kitufe. Kisha nikafanya jambo lililokuwa gumu kuliko yote, nikamwomba Eedo aache kochi lake la kutazama mlango aje akae mbele ya meza, karibu, kama mtu anayekula.

Alilitazama kochi, akaniuliza nani atawaona wanaoingia.

Nikamwambia kwamba nyumba imejaa wanaume wasio na kazi. Akaja.

Nilianza na zile ndogo za shemeji, kwa haki. Sauti niliiweka ya wastani, ya mtu anayeongea chumba kilekile. Alipata nusu ya sentensi. Bila ya wufa zilikuwa nyembamba, kama mtu anayeongea akiwa amebana pua, lakini nusu ni nusu, na zikiwa kabatini hakupata hata neno. Kisha spika za kaka, kwa sauti ileile. Eedo aliinamisha kichwa.

"Fundi ameshona suruali ya punda," alisema. Akanitazama kwa mashaka, kama anayehofia kwamba sasa ameharibikiwa na akili pia. "Ndivyo alivyosema?"

Ndivyo alivyosema. Alipata sentensi zote, na ile ya pilipili aliicheka hadi akafuta macho kwa pembe ya shungi.

Ungedhani wanaume wangejifunza. Kaka aliwaambia wageni kwamba wataalamu wa intaneti walikuwa wamesema kweli, hasa juu ya lile jukwaa pana. Nailoni yake ilikuwa imelala chini miguuni mwake alipokuwa akisema hayo. Shemeji alisema zake zingeshinda kama ningeruhusu wufa, maana wufa ndiyo moyo wa mtambo. Nilimweleza tena kuhusu kingo za maneno, taratibu, kama ninavyomweleza mtoto wa darasa la pili kwa nini tunabeba moja. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia mtu aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia akamwambia, "Mwalimu anasema iko sawa."

Spika za kaka zikabaki mezani. Wufa nayo ilibaki pale pembeni, kwa kuwa kuitoa mbele ya wageni kungekuwa kumwaibisha mwenyewe. Binti wa Eedo aliitandikia kitambaa akaanza kuweka juu yake chupa ya chai, na kwa kazi hiyo sina neno la kuisema vibaya.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema. Eedo alikuwa ameshakaa mbele ya meza, ameoga, amevaa shungi jipya. Shemeji alivuta kiti chake akakiweka ubavuni mwake kama kawaida, mtu na cheo chake. Simu ikaingia. Uso wa binamu yangu ukajaa kioo. Nyuma yake palikuwa na jiko, na mkewe amesimama na sufuria.

"Salaam aleikum, hooyo," alisema, yaani mama.

Eedo aliweka kiganja mezani, kati ya spika mbili, kama anayejaribu kama pana moto.

Binamu yangu alianza kuongea harakaharaka, kwa mazoea ya mtu anayejua kwamba hasikilizwi. Alisema hawajambo. Alisema mtoto mdogo ameota jino. Halafu alisema, na hapa akakunja uso kama alivyokuwa akiukunja kila Jumapili tukimtazama, kwamba anajua amelirudia sana, lakini anauliza tena: ile nyirinyiri ya mama, nyama ya kukaushwa na kukaangwa kwa samli, huwa anaikatakataje? Wamejaribu kila mwezi. Mara inaoza, mara inakuwa mawe. Mkewe hataki kushindwa, na watoto hawajawahi kuionja hata mara moja.

Shemeji alimgeukia mama mkwe wake, akavuta pumzi. "Anakusalimia," alisema. "Yuko—"

"Nimemsikia," alisema Eedo. "Nyamaza, baba."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyomwambia mwingine asogee kidogo apite. Shemeji alifunga mdomo, na sikumbuki kumwona akiufunga siku nyingine katikati ya jambo.

Eedo alisogeza kiti mbele. Alimwambia mwanawe kwamba kosa lao ni kukata nyama ikiwa mbichi. Kwanza ichanwe mikanda mirefu, itundikwe ikauke, na kwa kuwa huko kwao hakuna jua la maana, waitundike karibu na hilo jiko lao, wasiiharakishe. Ndipo ikatwe, vipande vidogo, vidogo kuliko hivyo anavyovionyesha mkewe, hapana, vidogo zaidi. Samli iwe nyingi. Iliki iingie mwishoni. Mke wake alisogea kwenye kioo na kuuliza kama moto uwe mkali, na Eedo akamjibu yeye pia, kwa jina lake, na kumuuliza samli wanaipata wapi, na kama ina harufu.

Waliongea mpaka chai ikapoa. Shemeji alikuwa amekaa pale ubavuni, mikono juu ya magoti, akiutazama mdomo wa mmoja kisha wa mwingine, bila mzigo wowote wa kusimamia. Eedo alikuwa ameshafika kwenye namna ya kuujua moto kwa mlio wa samli. Alimwambia mwanawe asogeze simu karibu na ile sufuria ya mkewe, yenye samli motoni, anyamaze, amsikilizishe.